Neema Haipimwi kwa Kiwanja

Katika makanisa ya Dodoma, kuanzia yale makubwa ya katikati ya mji hadi mabanda ya mabati yanayochipuka Nzuguni, Ihumwa na Iyumbu, hakuna neno linalotamkwa mara nyingi na kutafakariwa mara chache kama neema. Kila kikao, hata cha kamati ya harusi kilichokwisha kwa mabishano ya bajeti, hufungwa kwa watu kusimama na kusema Neema. Mabinti huitwa jina hilo, na bajaji hulibeba mgongoni. Na katika Jumapili ya shukrani, muumini anaposimama mbele na bahasha yake kueleza jinsi alivyopata kiwanja, kikapimwa, akapewa hati, akapandisha ukuta hadi akaezeka, sentensi ya mwisho huwa ni ileile: ni kwa neema tu.

Sina ugomvi na shukrani hiyo. Mtu aliyepata nyumba akamshukuru Mungu amefanya vyema kuliko yule aliyejishukuru mwenyewe. Ninachotaka kukichunguza ni kile ambacho ushuhuda huo unakiacha bila kukisema. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa dhati mwaka 2016, na hasa baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, watu wa mji huu wamekuwa wakipanda na kushuka mbele ya macho ya majirani zao: mashamba yamekuwa viwanja, viwanja vimekuwa majengo, na familia mbili zilizokuwa zikilima mtama upande huu na upande ule wa njia moja leo hazifanani kwa lolote, kwa kuwa moja ilingoja bei ipande na nyingine iliuza mapema kwa sababu ya ugonjwa au ada za watoto. Katika mazingira hayo neno neema limebandikwa upande mmoja tu wa hesabu. Aliyepata, amepata kwa neema. Aliyekosa je? Hakuna mhubiri atakayesimama kusema kwamba huyu amenyimwa neema, lakini mantiki ya ushuhuda wetu inaelekea huko, na yule aliyeketi benchi la nyuma huimalizia mwenyewe kimoyomoyo.

Neema inayothibitishwa na mafanikio imekwisha kugeuka mshahara. Kosa hilo huonekana dogo kwa sababu limevikwa vazi la shukrani, lakini naamini linaiumiza imani ya Wakristo wetu kuliko ule ulegevu wa maadili ambao mimbari zetu hazichoki kuukemea. Mtume Paulo aliliona mapema, akawaandikia Warumi: «Lakini ikiwa ni kwa neema, haiwi kwa matendo tena, au hapo neema isingekuwa neema.» Kinachosemwa hapo kuhusu matendo kinayahusu vilevile mafanikio. Ukishaweka kipimo cha nje kinachoonyesha nani amepewa na nani hakupewa, umeirudisha sheria kwa mlango wa nyuma, tena sheria katili kuliko ya Musa, kwa maana ile ya Musa angalau iliandikwa na mtu aliweza kujua ameivunja wapi.

Paulo mwenyewe ni shahidi mgumu kwa wanaoifundisha neema kwa njia ya mafanikio. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho anasimulia kwamba alikuwa na mwiba katika mwili, kitu ambacho hakutaja ni nini, akamwomba Bwana mara tatu kimtoke. Mtume huyu alikuwa amepanda makanisa na kuponya wagonjwa, na kama maombi hujibiwa kwa kadiri ya daraja la mwombaji, basi yake yalistahili kujibiwa. Jibu lilikuwa: «Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.» Mwiba ulibaki. Nadhani hatujaupa uzito wa kutosha ukweli kwamba mojawapo ya kauli za Biblia zinazoitaja neema kwa uwazi zaidi ilitolewa pamoja na ombi lililokataliwa, kwa mtu ambaye tangu siku hiyo hangeweza kutoa ushuhuda wa aina tunayoipigia makofi. Angesimama aseme nini? Kwamba aliomba, hakupata, na ni kwa neema tu?

Na kama kuna mahali ambapo mtu angepaswa kulielewa hilo bila kufundishwa sana, ni hapa Ugogoni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika mwaka wa kawaida jumla yake ni kama milimita 500 hadi 600 tu, kiasi ambacho wiki tatu za jua kali mwezi wa pili zinaweza kuamua kama uwele utabeba au utanyauka. Katika mapokeo ya Wagogo mvua ilikuwa chini ya dhamana ya mtemi na mawe yake ya mvua, na ukame ulipozidi ilibidi iulizwe ni nini kimeharibika katika nchi. Swali hilo halikufa watu walipobatizwa. Kila mvua inapochelewa husikika mahubiri kwamba Mungu ameifunga mbingu kwa sababu ya dhambi za wakazi, na wahubiri hao wana maandiko yao, kwani kisa cha nabii Eliya aliyemtangazia mfalme Ahabu ukame kimo katika Biblia na sitaki kukifuta. Lakini Yesu, alipotaka kuwaeleza wanafunzi wake jinsi Baba alivyo, alichagua mvua hiyohiyo akasema kinyume cha tulivyozoea: kwamba huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Anayelima Bahi anajua ukweli wa neno hilo kwa macho, maana amewahi kuona wingu likimwagia shamba la mlevi na kuliruka la mzee wa kanisa. Aliyekosa mvua msimu huo hakuwa na dhambi kumzidi mwenzake. Wanatheolojia huiita hiyo neema ya jumla, na huitofautisha na neema iokoayo. Tofauti hiyo ni ya haki, ila sura ya mtoaji ni moja katika zote mbili. Yeye hatoi kwa kukagua.

Pale kipimo kinapoingia, soko nalo huingia. Hatua kutoka «neema huonekana kwa mafanikio» hadi «kuna namna ya kuipata upesi» ni fupi, na wengi wameipita. Mafuta ya upako yana bei, maji yana bei, kumwona mtumishi faragha kuna bei, na mahali pengine bei hiyo huitwa mbegu. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakisukumana kukanyaga mafuta yaliyowekwa wakfu katika mkutano wa maombi uwanjani. Waliokwenda pale hawakuwa wajinga, na makala nyingi zilizowacheka wakati ule ziliniudhi. Walikuwa watu wenye wagonjwa, madeni na ndoa zilizovunjika, walioambiwa kwamba kipawa cha Mungu kina mahali, kina saa, na wanaofika kwanza hupata zaidi. Ukiamini hivyo, kukimbia ni jambo la busara.

Maandiko hayana upole na biashara ya namna hiyo. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apate uwezo wa kuwapa watu Roho kwa kuwawekea mikono, Petro alimjibu: «Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali.» Hata hivyo kisa kinachonivutia zaidi ni cha Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma mtoni Yordani, akarudi kwa Elisha na shukrani ya kweli mkononi. Elisha alikataa. Hapakuwa na ubaya wowote katika shukrani ya Naamani, lakini nabii aliona kwamba mgeni huyu, ambaye ndiyo kwanza anamjua Mungu wa Israeli, angerudi kwao akiamini kwamba amelipia. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia njiani akachukua talanta mbili za fedha na mavazi, na ukoma wa Naamani ukamrukia yeye. Sijawahi kusikia kisa hicho kikihubiriwa siku ya mavuno, na naelewa kwa nini. Makanisa yana bili za umeme na wachungaji wana watoto shuleni. Kuyategemeza ni wajibu halali wa waumini. Shida huanza pale sadaka inapowekwa kabla ya baraka katika mpangilio wa sentensi.

Mabishano kuhusu nani hutangulia, Mungu au mwanadamu, ni ya kale, na yaliwaka kwa mara ya kwanza kwa ukali katika bara letu. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliomba katika maandishi yake Mungu atoe anachoamuru kisha aamuru apendacho. Pelagio, mtawa kutoka Uingereza aliyekuwa akiishi Roma, alikasirishwa na ombi hilo, akiona kwamba linawapa wavivu kisingizio: kama utii wenyewe ni zawadi, mtu atajitahidi kwa ajili gani? Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 418 ulimpinga Pelagio. Namwonea huruma kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, na makanisa yetu yamejaa wafuasi wake wasiomjua jina. Karne 11 baadaye Martin Luther alilifufua swali hilo mwaka 1517 alipopinga uuzaji wa rehema, yaani vyeti vya kuondolewa adhabu ya dhambi, na Mtaguso wa Trento ukajibu mwaka 1547 kwa tamko lake juu ya kuhesabiwa haki. Wengi wetu tumelelewa tukidhani kwamba Wakatoliki na Walutheri bado wamesimama palepale walipoachana. Sivyo. Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja wakikiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika kuiamini kazi ya Kristo, pasipo stahili yoyote yake. Wamethodisti walijiunga na makubaliano hayo mwaka 2006. Kwa hiyo Mkristo wa Dodoma anayedhani kwamba neema ni suala la Waprotestanti amepitwa na habari, na vivyo hivyo yule anayedhani kwamba Wakatoliki hununua wokovu kwa matendo.

Lakini mafundisho yaliyotiwa saini Augsburg hayawezi kutufikia hadi yapite katika tumbo la maisha ya hapa, na sijui andiko linaloyapitisha vizuri kuliko mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo sura ya 20. Katika nchi nyingi mhubiri hulazimika kueleza shamba la mizabibu ni kitu gani. Hapa, ambapo zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na historia ya zao hilo imefungamana na misheni ya Bihawana, watu wa Hombolo na Mpunguzi wanajua kupogolea ni nini na jua la saa nane linachoma mgongoni namna gani. Hata saa za mfano huu ni zetu. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, nasi tunazisoma kama zilivyo bila kukokotoa lolote: saa kumi na moja ni jioni, kazi zinafungwa, na anayechukuliwa wakati huo atafanya kazi kwa saa moja tu.

Wale walioajiriwa alfajiri walipatana naye dinari moja, ujira wa kawaida wa kibarua kwa siku. Mwenye shamba alipowauliza wa mwisho mbona wamesimama mchana kutwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri, naye hakuwauliza zaidi. Hakuchunguza kama walichelewa kuamka au kama walikuwa wakicheza bao chini ya mti. Anayepita asubuhi mahali ambapo vijana husubiri na makoleo na makarai yao, wakitumaini kwamba fundi atahitaji wasaidizi, anajua jinsi uteuzi unavyokwenda: wanaanza wenye misuli na wanaofahamika, na wanaobaki hadi jioni ni yule mzee, yule mwenye mguu mbaya, na yule aliyefika juzi kutoka kijijini ambaye hana wa kumtaja. Dinari ya wa mwisho ilikuwa ni unga wa watoto wao. Nusu dinari isingepika.

Ulipofika wakati wa malipo, mwenye shamba aliagiza jambo la ajabu, kwamba walipwe kuanzia wa mwisho. Kama angetaka amani, angewalipa wa kwanza kwanza, wangeondoka na dinari yao wakiwa radhi, wala wasingejua wenzao wamepata nini. Alitaka waone. Kwa hiyo mfano huu umeelekezwa kwao, na ukirudi nyuma aya chache utaona sababu: Petro alikuwa ametoka kuuliza, sisi tulioacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi? Ni swali la mtu wa alfajiri. Nao wa alfajiri walinung'unika, na manung'uniko yao, ukiyasikiliza vizuri, hayasemi kwamba wamepunjwa. Yanasema kwamba wamesawazishwa na wengine waliofanya kazi saa moja. Kilichowauma ni usawa.

Methali zetu ziko upande wao. Mchumia juani hulia kivulini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tumelelewa na hekima hiyo na taifa limejengwa juu yake, na ni hekima njema kabisa kwa kazi ya kuendesha shamba au ofisi. Mwajiri ambaye angejaribu kuutumia mfano wa Yesu kama kanuni ya malipo angefilisika kabla ya mavuno ya pili. Ndiyo maana neema inatukera sisi watu wa bidii kuliko inavyowakera wengine. Mzee wa kanisa aliyehudumu miaka 30, aliyebeba matofali ya msingi wa jengo, haoni shida kuamini kwamba Mungu ni mwema. Shida yake huja pale jambazi mstaafu anapookoka mwezi wa sita na kufikia mwezi wa tisa amepewa kipaza sauti. Mzee atakuambia anahofia ushuhuda wa kanisa, na huenda kweli anauhofia. Lakini chini ya hofu hiyo kuna hesabu, na hesabu hiyo ndiyo mwenye shamba aliyotaka kuileta mbele ya watu.

Hapo ndipo huja pingamizi lililompata Paulo tangu mwanzo: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Jibu lake ni «Hasha!», na Waraka kwa Tito unaongeza kwamba neema hiyohiyo iwaokoayo wanadamu «yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia». Wengi wanaotaja aya hizo hufanya hivyo ili kuipunguza neema kwa kuiongezea masharti kidogo, kama mtu anayezimua chai. Mimi nazisoma tofauti. Neema haihitaji kupunguzwa ili izae maadili; inahitaji kufuatwa hadi inakokwenda, na inakokwenda mara nyingi ni mahali ambapo sheria haikuthubutu kufika.

Zakayo ni mfano ulio wazi, tena unaotuhusu kama mji wa ofisi. Mkuu huyu wa watoza ushuru alikuwa mtumishi wa mamlaka aliyetajirika kwa njia ambazo kila mtu Yeriko alizijua. Yesu alimwita ashuke mtini na kujialika kwake kabla mtu huyo hajaungama lolote. Mpangilio huo ndio neema yenyewe, na ndio uliowafanya watu wanung'unike. Baada ya hapo, bila kuagizwa, Zakayo alisimama akasema kwamba nusu ya mali yake atawapa maskini, na kama alimnyang'anya mtu kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Tazameni fedha hizo zilielekezwa wapi. Hakutangaza mchango wa jengo la sinagogi, wala hakukaa meza kuu katika harambee. Alizirudisha kwa waliodhulumiwa. Kwetu, mtu aliyekula fedha za zahanati akaguswa na Injili huja na bahasha nene kanisani, bahasha hiyo hupokewa kwa vigelegele, na wale ambao zahanati yao haina dawa huendelea kutembea hadi hospitali ya wilaya. Tumemwonyesha njia ya kutulipa sisi deni asilodaiwa nasi.

Wazee wetu wa Uamsho, lile vuguvugu la toba miongoni mwa Wakristo wa Afrika Mashariki, walilijua hili vizuri zaidi. Vuguvugu hilo lililowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, kisha likaenea Tanganyika hadi Bukoba na Ugogo, lilikuwa na alama mbili. Ya kwanza ni kuungama waziwazi, mmisionari na mpishi wake wakisimama mahali pamoja mbele ya msalaba, jambo ambalo utaratibu wa kikoloni haukuwa na nafasi yake. Ya pili ni kurudisha: watu walifunga safari kupeleka ng'ombe, nguo, hata vitu vidogo walivyoiba miaka mingi nyuma. Ni kweli kwamba baadhi yao baadaye walijitengenezea sheria zao za mavazi na nywele, wakaanza kupimana wokovu kwa ukali ambao mafarisayo wangeutambua. Neema ni kitu kigumu kukikalia kwa muda mrefu. Lakini mzizi ulikuwa sahihi.

Kutoka katika mzizi huo alitoka Josiah Kibira wa Bukoba, askofu ambaye mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani. Na alitoka Festo Kivengere, Mganda aliyefundisha hapa Dodoma katika shule ya sekondari ya Alliance kabla ya kuwa askofu wa Kigezi. Mwezi Februari wa mwaka huohuo wa 1977 Kivengere na maaskofu wenzake wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga ukatili wa vyombo vyake. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere akakimbia nchi kwa miguu pamoja na mkewe. Akiwa uhamishoni alisema hadharani kwamba imempasa kumsamehe Amin. Wanaomtaja hupenda kusimulia msamaha na kuisahau barua. Vyote viwili vilitoka kwa mtu mmoja mwenye imani moja, na barua ilitangulia. Msamaha wake haukuwa njia ya kunyamaza, na upinzani wake haukuwa chuki; ninapoulizwa neema isiyo legevu inafananaje, huanza na mwalimu huyo wa Alliance.

Nimeacha kwa mwisho jambo ambalo naona ndilo jaribio letu halisi, yaani Meza ya Bwana na wale tunaowazuia kuifikia. Nidhamu ya kanisa ina msingi katika Agano Jipya na sitetei kuiondoa. Ninachopinga ni namna inavyoangukia watu. Binti wa kwaya akipata mimba husimamishwa, hutengwa, na siku ya kurudi kundini husimama mbele ya watu wote. Kijana aliyempa mimba, kwa kuwa mwili wake hauonyeshi kitu, huendelea kupiga kinanda. Huko ni kuadhibu kinachoonekana, na kinachoonekana ndicho kipimo kilekile cha kiwanja, kimegeuzwa upande wa pili: kule mafanikio yanayoonekana huitwa neema, huku anguko linaloonekana huitwa dhambi, na mambo yasiyoonekana katika pande zote mbili hayana anayeyashughulikia.

Kundi kubwa zaidi ni la wale wanaoishi pamoja miaka 10 au 20 bila ndoa ya kanisani. Katika vijiji vya Chamwino na Mpwapwa, na katika mitaa ya mji huu, kuna wazee wenye wajukuu ambao hawajakula mkate wa Bwana tangu ujana wao. Ukiwauliza, wengi hawatakuambia kwamba wanaikataa ndoa. Watakuambia kwamba mahari haijakamilika, na mahari katika desturi ya Kigogo ni ng'ombe, na baba mkwe hajaridhia. Au kwamba mahari ilikwisha ila harusi haiwezekani bila ukumbi, suti, keki na kadi za mchango, kwa kuwa watu watasema. Hivyo kati ya mtu huyo na sakramenti ambayo Kristo aliitoa bure limesimama zizi la ng'ombe na bajeti ya kamati. Kanisa halikuweka gharama hizo, ni kweli. Lakini limeziangalia zikikua hadi zikawa sharti, na kila mwezi linapotangaza kwamba wenye ndoa halali ndio wanaokaribishwa, linazipa muhuri wake. Siamini kwamba Waraka kwa Waefeso, unaosema tumeokolewa kwa neema na kwamba «ni kipawa cha Mungu», unaweza kusomwa katika ibada hiyohiyo bila mtu kuona mgongano.

Dawa yake haihitaji mtaguso. Ziko parokia na sharika zinazofungisha ndoa za pamoja, wanandoa wengi katika ibada moja ya Jumapili ya kawaida, bila ukumbi na bila kadi, baada ya mchungaji na wazee kwenda wenyewe kuzungumza na wazazi kuhusu mahari iliyobaki, iwe ni kuisamehe au kukubali ilipwe taratibu baada ya ndoa. Wanaoingia pale ni watu wa saa kumi na moja kwelikweli, na baadhi ya waliofunga ndoa kwa gharama kubwa hulalamika kwamba heshima ya ndoa imeshushwa. Mchungaji anayetaka kuanza anaweza kuchukua kitabu cha ubatizo cha mwaka jana, akaandika majina ya wazazi walioleta watoto wao kubatizwa na wakati wa ushirika wakabaki wameketi, kisha akawatembelea nyumba moja baada ya nyingine, kabla msimu wa kilimo haujaanza.